Ukuta Unaobebwa kwa Mkono Mmoja

Hotuba kwa wakazi wa Winnipeg wanaozungumza Kiswahili, kabla ya msimu wa ujenzi kuanza

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, baba zangu, dada na kaka, habari za baridi? Najua wengine mmekuja kwa basi, mmesimama kituoni na watoto, na nje ni nyuzi 19 chini ya sifuri. Ahsanteni sana.

Nimeombwa niwaeleze habari ya nyumba ambayo kikundi chetu cha kujitolea kitaanza kuijenga theluji ikiyeyuka, na hasa habari ya ukuta wake, kwa sababu maneno yamekuwa mengi. Kuna aliyesema nyumba itajengwa kwa maboksi ya friji. Kuna mama alinifuata baada ya ibada akaniuliza kwa uchungu: kwa nini kila kitu kipya kinaanza kujaribiwa kwa watu wasio na kitu? Swali hilo ni zito na nitalijibu. Lakini kwanza naomba hiki kizunguke. Mama pale mbele, kipokee. Kishike kwa mkono mmoja tu. Umeona? Hakifiki hata kilo nne.

Hilo ndilo tofali letu. Lina urefu wa sentimita 120 na kimo cha sentimita 40. Ni mbao mbili za polistairini, ile nyeupe nyepesi inayopakiwa na televisheni isivunjike, ila hii imeshindiliwa zaidi. Kila ubao una unene wa sentimita sita na nusu hivi. Katikati ziko hizo ngazi za plastiki zinazozishika mbao mbili zisiachane, na kati yao kuna uwazi wa sentimita 15. Kwenye uwazi huo tunalaza nondo na kusimamisha nondo, kisha tunamwaga zege. Fomu, yaani umbo linaloshikilia zege, haibomolewi. Fundi yeyote hapa anajua kazi ya kufunga mbao za zege, kungoja, halafu kubomoa na kung'oa misumari. Hapa fomu inabaki ukutani maisha yote, ndani na nje, na inakuwa blanketi la nyumba.

Mimi ni mwashi. Nimejifunza kazi Muheza, kwa baba yangu mdogo, kwa matofali ya kuchoma na ya saruji. Nilipopewa kitu hiki mara ya kwanza hapa Kanada, nilikigeuza mkononi nikakirudisha chini. Nilikuwa na miaka 20 ya kazi mikononi, na mikono yangu iliniambia kwamba ukuta ni uzito. Ilinichukua majira mawili ya baridi kuelewa kwamba katika nchi hii uzito peke yake haukusaidii.

Zege peke yake ni baridi. Mliolala katika besmenti za zamani, zenye kuta za zege tupu, mnajua. Unaweka mkono ukutani mwezi wa Januari na unahisi ukuta unakunyonya. Zege linapitisha joto kirahisi mno. Ile povu, yaani hiyo polistairini, ndiyo inayozuia, maana ndani yake ni hewa iliyofungwa kwenye punje ndogo ndogo, haina pa kwenda. Nimepiga hesabu mara kadhaa ili nisiwadanganye: hizi sentimita 13 za povu, ukijumlisha ndani na nje, zinazuia joto sawa na ukuta wa zege tupu wenye unene wa mita tano hadi sita. Tazameni kutoka hapa niliposimama mpaka mlango ule. Ukuta unene wa hapo mpaka pale ndio ungefanya kazi ya hizo mbao mbili ambazo mama amezishika kwa mkono mmoja.

Sasa mniruhusu niseme habari ya bili, maana ndiko hasa ninakoelekea.

Wastani wa joto la mwezi Januari hapa Winnipeg ni kama nyuzi 16 chini ya sifuri, na usiku wa kushuka hadi 30 haumshangazi mtu. Nani hapa hajawahi kuviringisha taulo akaliweka chini ya mlango? Nani hajabandika plastiki dirishani kwa gundi ya karatasi? Nyumba nyingi tunazopanga zina fremu ya mbao, na katikati ya mbao imejazwa sufi ya kioo. Sufi yenyewe si mbaya. Lakini kwa kawaida kila baada ya sentimita 40 umesimama mti, na joto linapita kwenye mti kuliko kwenye sufi. Halafu kuna pembe ambazo sufi haikujazwa vizuri, kuna soketi za umeme, kuna mahali fremu ilipokaa juu ya msingi. Upepo wa nyanda hizi unazijua nafasi zote hizo. Tanuri la gesi linawaka usiku kucha, na familia inalipia kupasha joto uwanja wa jirani.

Nimemjua baba mmoja, mwenzetu, aliyepata nyumba yake kwa njia ya kujitolea. Nyumba ilikuwa nzuri, na malipo ya kila mwezi aliyaweza. Kilichomshinda ni miezi mitano ya baridi. Alifunga vyumba viwili, familia yote ikalala sebuleni kwenye magodoro, na alinionyesha bili akiwa ameikunja ndogo kabisa, kama mtu anayeficha cheti cha hospitali. Nyumba hiyo tulishiriki kuijenga. Tulimkabidhi ufunguo tukapiga picha, tukaondoka. Mkopo wake haukuwa na riba, lakini baridi ilikuwa inamtoza riba kila usiku. Tangu siku hiyo sikubali tena kusema kwamba nyumba ya kujitolea imekamilika kwa sababu tu ina paa na rangi. Kama mwenyewe hawezi kuipasha joto, hatujamaliza kumjengea.

Hilo ndilo jibu langu la kwanza kwa yule mama. Na la pili ni kwamba kitu hiki si kipya, na hakikuanzia kwa maskini. Ulaya baada ya Vita vya Pili walikuwa wakijenga kwa fomu za chembe za mbao zilizochanganywa na saruji, zege likimwagwa ndani yake. Ya povu ilibuniwa na mkandarasi wa hapa hapa Kanada, Werner Gregori, aliyeombea hataza mwaka 1966, na vipimo vyake vilikuwa hivi hivi, sentimita 40 kwa 120. Leo ziko hoteli za ghorofa na shule zilizosimama kwa ukuta huu, na wenye fedha wanajengea besmenti zao. Ninachokasirika nacho ni kwamba kwa miaka mingi kitu bora kimekwenda kwa mwenye uwezo wa kulipa bili, na asiye na uwezo akapewa ukuta unaovuja.

Kuna jambo jingine nataka ndugu zangu wa Kongo walisikie, kwa sababu naona vijana wanadhani habari ya kujengeana nyumba kwa kujitolea ni huruma ya Wazungu iliyotukuta hapa. Shirika kubwa kuliko yote katika kazi hii, Habitat for Humanity, lilizaliwa mwaka 1976 huko Americus, jimbo la Georgia. Mizizi yake iko kwenye shamba la Koinonia, alilolianzisha Clarence Jordan na wenzake mwaka 1942, weusi na weupe wakila meza moja wakati ambapo jambo hilo lilikuwa hatari katika Georgia. Hapo ndipo wazo la kujenga nyumba za bei ya gharama tu, bila faida wala riba, lilipoanza mwaka 1968. Lakini kabla ya shirika kusajiliwa, Millard Fuller, mwanasheria aliyekuwa ameacha utajiri wake, alikwenda na mkewe Linda kulijaribu wazo hilo mahali pengine. Walikwenda wapi? Mbandaka. Mji ulio karibu kabisa na ikweta, ukingoni mwa mto Kongo, wakati nchi ikiitwa Zaire. Walikaa huko kuanzia 1973 hadi 1976, wakifyatua matofali ya saruji na mchanga na kujenga pamoja na wenyeji. Waliporudi Marekani ndipo wakaanzisha Habitat.

Kwa hiyo mtu akikwambia hii ni desturi ya wageni, mjibu kwamba iliiva Mbandaka. Wazee wa Kongo mliokuwako enzi zile mnajua pia salongo, kazi ya umma ya kulazimishwa, na najua kwa nini baadhi yenu mkisikia neno "kazi ya pamoja" mnanyamaza. Sisemi habari ya salongo. Hapa hakuna anayekuja na orodha ya majina mlangoni. Sisi kwetu Tanga tuliita msaragambo, Wakenya wana harambee yao, Wanyarwanda wana umuganda. Kila mmoja wetu alishawahi kubeba mawe ya zahanati au ya shule. Mikono hiyo hiyo ndiyo naiomba.

Na mji huu una historia yake katika jambo hili. Jimmy Carter, rais wa zamani wa Marekani, alikuja kujenga hapa mwaka 1993, akarudi tena Julai 2017 akiwa na miaka 92. Siku moja jua likamzidi, akaishiwa maji mwilini, akapelekwa hospitali. Kesho yake asubuhi alikuwa amerudi kwenye ujenzi. Nalitaja hilo kwa sababu kuna vijana wa miaka 25 walioniambia msimu uliopita kwamba Jumamosi ni mapema mno saa mbili asubuhi.

Sasa kazi yenyewe.

Ukuta wa tofali la saruji unahitaji mwashi. Huwezi kumpa mtu mwiko leo akakupa kozi, yaani mstari wa matofali, iliyonyooka kesho. Ukuta wa fremu ya mbao nao unahitaji mtu wa msumeno. Ukuta huu unaanza tofauti: matofali yana meno juu na chini, yanashikana. Pembeni kuna la kona ya kushoto na la kona ya kulia, unayapishanisha kila kozi kama tunavyopishanisha matofali kwetu. Mwalimu wa shule, nesi aliyemaliza zamu, mwanafunzi wa chuo, wote wanajifunza kwa nusu siku. Mimi nimesimamia kina mama watano, hakuna hata mmoja aliyewahi kushika pima maji, wakapandisha kozi sita kuizunguka nyumba nzima kwa Jumamosi moja, na nondo za kulala zimekaa kwenye vishikio vyake kila kozi.

Lakini urahisi huo ndio hatari yake, na nawaomba mnisikilize hapa kuliko popote.

Wakati fomu ni tupu, ukuta mzima ni mwepesi, upepo unaweza kuuangusha. Siku ya zege kila kitu kinageuka. Tofali hilo lenye kilo zisizofika nne linapokea zege la kilo 170 hivi. Na zege bichi si mzigo unaokaa chini tu. Linasukuma pembeni kama maji. Ukimwaga kimo cha mita 1.2, chini yake linasukuma karibu tani 3 kwa kila mita ya mraba. Ukipandisha ukuta wote wa mita 2.4 kwa mpigo, ni karibu tani 6. Ndiyo maana tunamwaga kwa awamu: mita 1.2 au pungufu, tunazunguka nyumba nzima, tunaporudi mwanzo la chini limeshaanza kushikana, ndipo tunapandisha awamu ya pili. Anayeshika mpira wa pampu hapaswi kusimama mahali pamoja.

Miaka minne iliyopita, kwenye nyumba moja nje ya mji, nilikuwa msimamizi wa ukuta wa kaskazini. Chini ya dirisha la jikoni tulikata tofali ili litoshe, na mkato ukaangukia kati ya ngazi mbili za plastiki. Maana yake sehemu hiyo mbao mbili za povu hazikushikwa na kitu isipokuwa gundi. Panatakiwa kupigiliwa kipande cha plaiwudi kwa nje na kuwekewa mwega. Nilipaona asubuhi. Nikasema nitarudi. Kisha lori la kwanza likafika mapema, wa pampu akaanza kuhesabu dakika zake, lori la pili likasimama barabarani linazungusha, na nikapita.

Kwanza ukuta ulitoa tumbo. Kidogo tu, kama mtoto aliyeshiba. Msichana mmoja, mwanafunzi, aliliona kabla yangu akaita. Kabla sijamfikia, ilisikika sauti kama barafu ya ziwa inapopasuka, na zege likatoka chini ya dirisha kwa nguvu, la kijivu, linang'aa, na punje nyeupe za povu zinaelea juu yake. Likafika magotini mwake. Hakuumia, Mungu ni mwema, lakini aliganda pale pale na macho yakamtoka. Nikapiga kelele pampu izimwe. Kwa dakika chache lilikuwa limemwagika zaidi ya tani moja. Tukachota kwa machepe, tukalirudisha povu mahali pake kwa plaiwudi na skrubu ndefu, tukakandamiza kwa miti miwili iliyokita ardhini, tukaendelea upande mwingine mpaka pale pakatulia. Ukuta uko, ni mzima, na nyumba inakaliwa. Lakini kila nikipita barabara ile naangalia chini ya dirisha lile la jikoni.

Kwa sababu hiyo, kwenye nyumba yetu kila mkato utawekewa alama ya kalamu nyekundu, na utakaguliwa na watu wawili, mmoja wao asiwe fundi. Nasema asiwe fundi kwa makusudi. Fundi anajiamini, anapita. Mtu wa kujitolea anayeogopa kukosea ndiye anayeinama akaangalia. Yule msichana aliliona tumbo la ukuta kabla ya mtu mwenye miaka zaidi ya 20 ya kazi. Na mtu yeyote akisema "simama," pampu inazimwa kwanza, ndipo tunaulizana. Hata kama aliyesema ni mtoto wa miaka 14 anayegawa maji. Msimamizi wa pampu atakayekataa sharti hilo hatutafanya naye kazi.

Zege tutakaloagiza litakuwa na kokoto ndogo, lenye ulaini wa kutosha kupita kwenye nondo, lakini lisiwe uji. Mafundi wa kwetu tuna mazoea mabaya ya kuongeza maji ili zege litiririke. Hapa atakayegusa mpira wa maji kwenye lori nitamrudisha nyumbani. Litashindiliwa kwa vaibreta, mashine ya kulitetemesha, inayoingizwa na kutolewa polepole. Mtetemo ukizidi unabomoa fomu, ukipungua ndani panabaki matundu kama masega ya nyuki, na ubaya wa ukuta huu ni kwamba masega huyaoni, yamefunikwa na povu. Kwa hiyo tunagonga kwa mkono na kusikiliza. Pakilia wazi, tunakata kipande cha povu tukaangalia.

Baada ya hapo kazi inakuwa tamu. Njia za nyaya za umeme zinachorwa kwenye povu kwa kisu cha moto. Watoto wakubwa wanaipenda kazi hiyo kuliko zote. Punje zile nyeupe lakini zinaokotwa zote, kila jioni, kwa mashine ya kufyonza vumbi, kwa sababu upepo ukizibeba zinafika mtoni na haziozi. Na povu halibaki wazi ndani ya nyumba. Ni zao la mafuta, likishika moto moshi wake unaua, kwa hiyo sheria inataka lifunikwe kwa jipsamu ya milimita 12 na ushee, na sisi tutalifunika mpaka kwenye kona za besmenti ambako hakuna mgeni atakayeona.

Akina mama na akina baba mnaopika, hili linawahusu. Ukuta huu hauvuji hewa. Nyumba zetu za zamani zilipumua kupitia nyufa zake. Hii haina nyufa, kwa hiyo imewekewa mashine inayotoa hewa chafu nje na kuingiza safi, huku ikilichukua joto la ile inayotoka na kulipa ile inayoingia. Inaunguruma kidogo. Nimeingia nyumba za wenzetu nikakuta wameizima, wakidhani inakula umeme au inaleta baridi. Halafu wanapika maharage kwa muda wa saa tatu, wanachemsha maji ya ugali, watu saba wanaoga, na mwezi wa Februari madirisha yanalia maji na nyuma ya kabati kunaota ukungu mweusi. Mtoto anaanza kukohoa, watu wanalaumu ukuta. Tafadhali msiizime. Chujio lake linasafishwa kila baada ya miezi michache, nitakuja mwenyewe kuwaonyesha.

Na picha za ukutani: msumari haushiki kwenye povu. Kuna mistari ya plastiki ndani, imewekewa alama, unapiga skrubu hapo.

Nimeulizwa mara nyingi, hasa na mnaojenga nyumbani kwa fedha za kutuma: je, tupeleke ukuta huu Dar, Bukavu, Mombasa? Nasema kwa dhati, kwa nyumba ya chini ya kawaida kule pwani, hapana, si kwanza. Joto lako kule linashuka kutoka kwenye bati. Weka dari yenye kizuizi, inua paa, toa kivuli cha baraza, fungua madirisha yaelekee upepo wa bahari, na fedha yako itakuwa imefanya kazi zaidi. Tena kuna mchwa. Mchwa hali povu, lakini analitoboa akapita ndani bila kuonekana mpaka afikie mbao za paa. Hata Marekani, katika majimbo ya kusini yenye mchwa wengi, kanuni za ujenzi zinakataza povu hilo chini ya ardhi isipokuwa kwa masharti. Hapa Winnipeg tunaweza kulizika bila hofu hiyo. Kenya wana njia yao inayofanana kidogo, paneli za povu zenye waya pande zote zinazopulizwa zege, na shirika la nyumba la taifa lina kiwanda chake Mavoko. Hilo ni jambo la kulifuatilia kwa wanaojenga maghorofa.

Kijana mmoja, namwona ameketi nyuma pale, aliniambia saruji inaharibu hali ya hewa, na ana haki. Utengenezaji wa saruji unatoa takriban asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Nyumba yetu itakula karibu meta za ujazo 12 za zege kwa ghorofa moja tu, malori mawili. Hatuwezi kujifanya deni hilo halipo. Tunalilipa kwa gesi isiyochomwa, majira baada ya majira, na linalipika tu kama nyumba itakaa muda mrefu na kutunzwa. Ndiyo maana sitaki masega ndani ya ukuta ule, na ndiyo maana nimewasumbua kwa habari ya chujio.

Familia itakayoingia inatoa saa 500 za kazi, kama ilivyo kawaida ya Habitat hapa Kanada, na sisi tumefuata mfano huo. Mama wa familia hiyo yuko ndani ya ukumbi huu na ameniomba nisimtaje. Amefanya kazi ya usafi usiku kwa miaka sita. Saa zake nyingine anazitoa Jumamosi, akitoka zamu. Ndugu na marafiki wanaruhusiwa kumchangia saa. Hilo naomba mlisikie vizuri: saa zako nne za Jumamosi zinaweza kuandikwa kwa jina lake.

Daftari liko mezani, karibu na chai. Siku ya zege tunahitaji watu 16: wawili wa mpira wa pampu, wawili wa vaibreta, wanne wa kuzunguka nje wakiangalia ukuta na mikono yao juu ya povu, wanne kwenye miega na timazi, wawili wa plaiwudi na skrubu wanaosubiri tu na kuomba wasihitajike, mmoja wa maji ya kunywa, na mmoja wa kuangalia watoto. Mje na viatu vigumu na glovu za mpira, maana saruji mbichi inaunguza ngozi taratibu na unagundua usiku. Kofia ngumu tunazo.

Na kama siku hiyo baridi itakuwa bado ipo, msiogope kwamba zege litaganda kwa barafu. Saruji inapojifunga inatoa joto lake yenyewe, na povu linalishikilia humo. Tutafunika juu ya ukuta kwa blanketi. Kesho yake asubuhi, kabla ya kwenda kazini, mnaoishi karibu mpite. Mvue glovu, muingize mkono chini ya blanketi, muweke kiganja juu ya zege. Litakuwa la uvuguvugu.

Chai iko tayari. Yule kijana wa nyuma, nisaidie kurudisha tofali mbele, limefika kwako.